Mmecheka uwanja, mmesahau meli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Najua ukurasa wenyewe ni mdogo, na mimi nikianza kusimulia huwa sijui kuishia, kwa hiyo kata unapoona pa kukata. Sehemu ya meli tu ndiyo nakuomba uiache.

Jumapili iliyopita, pale kwenye kona ya vituko, mlichapa habari fupi ya kisiwa kinachoitwa Saint Helena. Mkasema Waingereza wamejenga uwanja wa ndege kwa mamilioni ya pauni, na ulipokwisha ikaonekana upepo hauruhusu ndege kutua. Basi, habari ikaishia hapo. Kwenye kijiwe chetu cha kahawa hapa Njoro ilisomwa kwa sauti, vijana wakacheka hadi mmoja akapaliwa na kashata. "Kumbe na wenzetu wanapigwa!" akasema mwingine, na kila mtu akamwelewa. Nami nilicheka, sikatai. Nilipofika nyumbani ndipo nikaona nimeudhika.

Habari yenu si ya uongo, Mhariri. Mmekata kichwa na miguu mkatuletea kiwiliwili. Ni sawa na mtu amwambie mgeni kwamba treni ya abiria ya Moshi ilikufa, halafu asimwambie kwamba Desemba 2019 ilirudi ikipiga honi, na sisi wazee tuko stesheni tumevaa makoti ya harusi.

Kisiwa hicho nakijua. Sijafika wala sitafika, lakini mwenyeji wake alikula mtori kwangu, akanifundisha kushuka kwenye boti hapa hapa uani.

Nieleze kwanza mimi ni nani. Ni gadi mstaafu wa reli. Vijana siku hizi ukisema gadi wanadhani mlinzi wa getini. Gadi wa treni ni mtu wa behewa la nyuma kabisa, mwenye bendera nyekundu na ya kijani, taa ya mkononi na filimbi. Dereva ana injini yake, lakini treni haitoki stesheni mpaka gadi aseme itoke. Kwa miaka zaidi ya ishirini njia yangu ilikuwa ya Tanga: Moshi, Kahe, Kisangara, Lembeni, Same, Makanya, Hedaru, Buiko, Mkomazi, Mombo, Korogwe. Mke wangu anasema huwa nazitaja usingizini, na kwamba Buiko huwa naikalia sana. Ni kweli, pale tulikuwa tunasubiri kupishana.

Mpwa wangu anaongoza wageni mlimani. Mwaka juzi aliteremka na mama mmoja wa makamo, magoti yamemwishia, akanipigia simu. "Mjomba, nina mgeni hapa, kwao hawana reli hata futi moja, anataka kuongea na mtu wa reli. Mtori upo?" Mtori ulikuwapo. Mama akala, akaomba tena. Nikamuuliza kwao wapi, mpwa akitafsiri, maana Kiingereza changu mimi ni cha kuandikia ripoti za treni kuchelewa. Akasema Saint Helena, na kwamba watu wa kwao hujiita Watakatifu. Mke wangu, Mlutheri wa kuzaliwa, alimtazama miguuni, akamtazama usoni, akamwongeza ndizi.

Kisiwa kimekaa peke yake katikati ya Bahari ya Atlantiki, kiasi cha kilomita 1,900 kutoka pwani ya Angola. Kinatawaliwa na Uingereza mpaka leo. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 122, yaani Manispaa yetu ya Moshi mara mbili hivi, na watu ni elfu nne na ushei. Nadhani stendi ya Moshi wiki ya Krismasi, Wachaga wanaporudi kuhesabiwa, inapitisha zaidi ya hao kwa siku moja. Napoleon alifungwa huko mwaka 1815 akafia huko 1821. Hilo kila mwandishi hulitaja, nami nimelitaja, tuendelee.

Lisilotajwa ni kwamba huko huko alipelekwa na mtu wa kwetu. Sayyid Khalid bin Barghash, yule aliyekalia kiti cha Unguja mwaka 1896 na manowari za Waingereza zikampiga vita vilivyokwisha hata saa moja haijatimia, alikimbilia kwa Wajerumani akaishi Dar es Salaam. Mwaka 1916 Waingereza wakauteka mji, wakamtia mkononi. Wakampeleka uhamishoni, Shelisheli na Saint Helena, ndipo baadaye wakamruhusu kurudi pwani ya Afrika Mashariki. Alifariki Mombasa mwaka 1927. Nilipomwambia mgeni wangu habari hizi, jina hilo hakuwahi kulisikia. Alichojua yeye ni kobe. Wana kobe anaitwa Jonathan, aliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1882, kwa hiyo Khalid aliposhushwa kobe alikuwapo, na mama yule alisema alipotoka nyumbani amemwacha anakula ndizi.

Sasa meli. Iliitwa RMS St Helena, na zile herufi tatu za mbele maana yake ni meli ya posta ya kifalme. Ilijengwa Aberdeen, Scotland, ikaanza kazi mwaka 1990, mahususi kwa kukihudumia kisiwa hicho. Mgeni wangu alikuwa mhudumu wa chumba chake cha kulia kwa miaka kumi na moja. Kutoka Cape Town mpaka kwao ni siku tano na usiku wake. Juu ilibeba abiria mia na kidogo, chini ikabeba kila kitu: unga, viazi, magari, dawa, bati, barua, bia, na kama alivyosema mwenyewe, gauni la harusi yake lilikuja humo na jeneza la baba yake likaja humo. Ikichelewa wiki, dukani unakuta rafu na muuzaji.

Na meli hiyo haikuwa na gati. Tangu Wareno wakione kisiwa mwaka 1502, kwa zaidi ya miaka mia tano, meli zilikuwa zinatia nanga nje, kwenye ghuba mbele ya mji wao wa Jamestown, watu wakaletwa na boti ndogo mpaka kwenye ngazi za mawe ukingoni. Wimbi likipanda boti inapanda, wimbi likishuka boti inakuacha hewani. Juu ya ngazi hizo zimening'inizwa kamba. Nikamwambia sielewi, kamba za nini? Mama akainuka, magoti yake yale yale mabovu, akatoka uani akaikamata kamba yetu ya kuanikia nguo, kanga za mke wangu ziko juu yake bado mbichi. Akaniita. Akafudikiza ndoo, akaniambia nipande. Kisha akaanza kuitikisa ndoo kwa mguu.

"Anasema usiruke unapotaka wewe," mpwa wangu akatafsiri huku anacheka. "Ruka boti ikiwa juu kabisa. Na kamba uishike kabla hujaruka, Mjomba, si baada."

Nikaruka. Nina miaka sabini na tatu sasa, wakati ule nilikuwa na sabini na moja. Kanga mbili zilianguka kwenye udongo, na mpaka leo naambiwa.

Mpwa wangu alikosea jambo moja: reli walikuwa nayo. Mama alilisema hilo tukinywa kahawa, nikaweka kikombe chini. Jamestown imebanwa ndani ya korongo, na mashamba na ngome ziko juu ya jabali. Mwaka 1829 wakajenga reli inayopanda lile jabali moja kwa moja, wima kama paa la nyumba ya tope. Hakukuwa na injini. Mabehewa yalikuwa mawili yamefungwa pamoja, moja likishuka lingine linapanda, na juu kulikuwa na punda wanaozungusha gurudumu la kamba. Walipandisha samadi ya mjini kwenda mashambani, wakateremsha mazao. Nimefanya kazi ya breki maisha yangu yote. Nilipofikiria mshika breki wa mabehewa yale, kamba ikikatika behewa la samadi linaingia mjini bila kuuliza mtu, jasho lilinitoka.

Mwaka 1871 mabehewa yakaondolewa, zikabaki ngazi. Mpaka leo zipo, ngazi 699, na watoto wa kule wana ufundi wa kuteremka kwa kuserereka juu ya vyuma vya kushikilia, mabega chuma hiki, miguu chuma kile. Alisema na mchwa walikuwa na mkono wao katika habari za kisiwa. Waliingia na mbao za meli ya watumwa iliyovunjwa huko kama mwaka 1840, wakaula mji. Milango, paa, vitabu. Hapo nilimweleza mataruma yetu ya chuma, yale yanayolazwa chini ya reli. Wajerumani walipojenga njia ya Tanga waliweka chuma kwa sababu walikwishawajua mchwa wa huku. Tukaelewana kabisa bila mpwa kutafsiri. Mtu akitaja mchwa uso wake unatosha.

Nisiipambe meli, maana hata yeye alikataa kuipamba. Novemba 1999 iliharibika safarini, ikalazimika kuingia Brest, Ufaransa, na kisiwa kizima kikabaki kinahesabu magunia. Hapo ndipo watu walipoanza kudai ndege kwa sauti. Mwaka 2002 wakapigiwa kura, wengi wakasema uwanja ujengwe. Kwa hiyo waliosema kijiweni kwamba wazungu wamejijengea tu kwa kiburi wajue uwanja uliombwa na wenyeji, na walikuwa na sababu. Mtu amevunjika nyonga, meli imetoka jana. Unafanyaje?

Kazi yenyewe, mtu wa reli lazima aipigie saluti. Kisiwa ni majabali matupu, hakina tambarare ya kulaza njia ya ndege ya karibu kilomita mbili. Wakachagua uwanda wa Prosperous Bay upande wa mashariki, mita kama 300 juu ya bahari, na uwanda usipotosha wakalifukia bonde la jirani kwa mawe na vifusi, mita za ujazo milioni 8 hivi. Chukua lori letu la mchanga la mita kumi: ni safari laki nane. Na kabla ya hapo ilibidi wachonge barabara ya kilomita 14 kutoka ghuba ya Rupert's kupandisha mitambo, na kabla ya barabara ilibidi mitambo ipate pa kushukia. Mwaka 2012, katika ghuba hiyo, ndipo kwa mara ya kwanza katika historia ya kisiwa meli ilipofunga kamba nchi kavu badala ya kutia nanga nje. Gharama yote ilitajwa pauni milioni 285. Ukigawa kwa vichwa ni zaidi ya pauni elfu sitini kwa kila mtu, na mtoto mchanga yumo. Hapo sishangai walipakodi wa London walipokunja uso.

Barabara hiyo ina jambo moja ambalo kona ya vituko isingeweza kulibeba. Bonde la Rupert's ndiko manowari za Uingereza zilikowashusha Waafrika waliokamatwa ndani ya meli za watumwa, kuanzia mwaka 1840. Zaidi ya elfu ishirini na tano walishushwa kisiwani. Maelfu walikuwa wameshakwisha kwa maradhi na njaa ya safari, wakafa, wakazikwa hapo bondeni bila alama. Mwaka 2008, wakiandaa njia ya barabara, wataalamu wa mambo ya kale wakafukua mifupa ya watu 325. Wengi walikuwa watoto na vijana. Mifupa ikakaa ghalani miaka na miaka, ikazikwa upya mwaka 2022. Mama alisema alisimama kaburini siku hiyo. Hakuongeza neno, wala mpwa wangu hakumwuliza. Alikuwa anazungushazungusha kikombe.

Aprili 2016 ndege ya majaribio ikaenda, Boeing 737-800. Upepo wa kule unavuma mwaka mzima kutoka kusini mashariki. Ukigonga majabali yale unapanda, unageuka, na upande wa kaskazini, pale ndege inapokaribia kugusa ardhi, unaisukuma juu ghafla kisha unaiachia. Wapagazi wetu wanaujua upepo wa namna hiyo, unakupiga kofi shavu hili na shavu lile kwa wakati mmoja. Ndege ilijaribu, ikapaa tena, ndipo baadaye ikatua. Ufunguzi uliopangwa Mei ukaahirishwa. Magazeti ya Uingereza yakaubandika jina la uwanja usio na maana kuliko vyote duniani. Na upepo haukuwa siri. Charles Darwin alipita hapo mwaka 1836, akaulalamikia. Mama aliniambia hata mchungaji wa punda angewaambia, kama angeulizwa.

Hapo ndipo habari yenu ilipoishia, Mhariri.

Iliendelea hivi. Hata kabla ya ndege za abiria, ndege ndogo za kubeba wagonjwa zilianza kutua. Halafu tarehe 14 Oktoba 2017 ikaja ndege ya kwanza ya abiria yenye ratiba, Embraer 190, ndogo kuliko ile Boeing, kutoka Johannesburg kupitia Windhoek. Waliutatua upepo kwa kuutegea: ndege ikawa ndogo, na viti kadhaa vikaachwa wazi iwe nyepesi. Basi mpaka leo inakwenda. Mgeni wangu alitoka kwao Jumamosi kwa ndege hiyo, akalala Johannesburg, akashukia KIA. Nilimuuliza zamani angefikaje Moshi. Akahesabu kwa vidole, vikaisha.

Ila kutoka Mei 2016 mpaka Oktoba 2017 ni miezi kumi na saba. Watu elfu nne walikula nini miezi hiyo? Waliishi kwa meli. Meli yenyewe walikwishaipangia kustaafu. Juni 2016 ilikuwa imekwenda hadi London kuaga, watu wakapiga picha, wakafuta machozi. Ikabidi irudi kazini kama mzee aliyekwishakatiwa keki. Ikaenda na kurudi, ikaenda na kurudi, mpaka marubani walipouzoea upepo, na ni Februari 2018 tu ilipofanya safari ya mwisho. Fikirieni kama wangekuwa wameiuza mapema, siku ile ile uwanja ulipopata cheti. Wangecheka nani?

Sisi tulifanya hivyo hasa. Treni ya abiria ya Moshi ilisimamishwa miaka ya tisini, wakubwa wa wakati ule wakisema lami imefika, mabasi yapo, nani atalala njiani kwenda Dar. Siku hiyo nilikuwa zamu. Hakukuwa na hotuba. Nilikunja bendera zangu, stesheni masta wetu, mtu wa Pangani, akaanza ile methali ya mbachao na msala, akaishia nusu kwa kuwa kila mtu aliijua, akaenda kufunga dirisha la tiketi.

Waliokuwa na nauli ya basi hawakuona tofauti. Waulizeni wa Makanya na Buiko. Waulizeni akina mama waliokuwa wanapakia vitunguu na tangawizi kwenye behewa la mizigo, leo wanasimama barabarani na gunia wakibembeleza kondakta. Mke wangu alikuwa analetewa mchele wa Mombo na treni, ukifungwa kwa uzi wa mkonge ambao alikuwa haukati, anaufungua fundo kwa fundo na kuutunza. (Na hilo nalo tulilingana na Watakatifu. Zao lao lilikuwa katani ya New Zealand, wakisokota nyuzi za kufungia vifurushi vya posta ya Uingereza. Posta ikahamia nyuzi za plastiki, mwaka 1966 viwanda vyao vikafungwa. Nilimwonyesha kwenye ramani mashamba ya mkonge ya Korogwe, nikamwambia na huku plastiki ile ile ilipita.)

Nitoe mfano mmoja wa treni halafu niombe ninachoomba. Masika ya 1987, usiku, tumetoka Hedaru tunaelekea Makanya. Barabara ilikuwa imekatwa na maji tangu mchana. Dereva akaona mbele watu wawili katikati ya reli wanapunga chemli. Kisheria pale si mahali pa kusimama. Akafunga breki, nami nikashuka na taa yangu kuuliza kulikoni. Walikuwa wamembeba mwanamke juu ya kitanda cha kamba, amefunikwa turubai la mahindi, mvua inamwagika, na mama mkwe wake amemshika kichwa. Tulimwingiza kwenye behewa langu, tukalaza magunia ya barua chini. Mama mkwe akanifukuza. Nikasafiri nimesimama kwenye jukwaa la nje, nimeloa, nasikia mambo ambayo gadi hakufundishwa chuoni. Taa za stesheni ya Same zilipoanza kuonekana nikasikia mtoto. Kwenye ripoti kuna safu ya kueleza sababu ya kuchelewa. Niliandika: "Dakika 22. Abiria ameongezeka." Nikaitwa kujieleza, nikajieleza.

Basi ombi langu, na naomba lisomwe na wanaohusika. Tunasikia habari za reli ya kisasa itakayotoka Tanga ipite Moshi na Arusha hadi Musoma. Sipingi. Nikiwa hai siku hiyo nitavaa tena koti la harusi. Ninachoomba ni kwamba reli hii ya zamani isiguswe mpaka ile mpya ipite masika mawili na kiangazi chake, tuone tuta lipi litaondoka na maji, daraja lipi litatitia, stesheni ipi imewekwa mbali na watu. Mafuriko ya Mkomazi na korongo za kule Same hazisomi michoro. Wahandisi wakija kupima, wakae wiki moja na mafundi wa gengi waliobaki, wale wazee wanaojua kwa kutazama rangi ya udongo kwamba kalvati hii itazibwa. Hawatakaa sana, wamebaki wachache, na mmoja wao hapa Njoro anasikia kwa sikio moja tu, mkae upande wake wa kulia.

Na treni ya abiria iliyopo, ikikatwa na mvua ikalala kwa miezi, itengenezwe irudi, isiambiwe isubiri mwenzake mpya. Yule mama aliniuliza treni yetu inafika mara ngapi kwa wiki. Nilimwambia, akaguna, akasema meli yao ilikuwa inafika kila wiki tatu hivi na walikuwa wanaipigia mizinga ya shangwe moyoni. Nikamwambia nasi.

Neno la mwisho ni la picha. Mmeweka picha ya ufuo wenye mchanga mweupe na minazi imeinama, chini mkaandika Saint Helena. Siyo. Mama alituonyesha picha za kwao kwenye simu yake, mimi na mke wangu tumevaa miwani kwa zamu. Ni jabali la kahawia linalotumbukia baharini, mji umepenya katikati kama kabari, na mstari mmoja wa ngazi unapanda ukutani. Picha mliyoweka, mjukuu wangu anasema, ni ya hoteli ya Nungwi.

Wako,
Gadi mstaafu,
Njoro, Moshi.